Moduli za faiba: mwanga unatoka wapi, unapotelea wapi, na venye utachagua SFP inayofanya kazi

Kama unafanya kazi ya mtandao hapa Nairobi, iwe ni kuvutia watu WiFi kwa ploti za Pipeline ama kuunganisha ofisi mbili huko Upper Hill, lazima siku moja utashika kile kidude kidogo cha chuma kinaitwa SFP, na ukisikiza venye watu wengi wanakinunua utaona wanauliza maswali mawili tu, ni ya giga ngapi na ni pesa ngapi. Hayo maswali ni sawa lakini hayatoshi kabisa. Moduli ni taa na kipokea mwanga ndani ya kasha moja. Sasa taa unaiuliza inawaka kwa urefu gani wa wimbi, kwa nguvu gani, na ule upande unaopokea unahitaji mwanga kiasi gani na unaweza kuvumilia kiasi gani kabla uumie. Ukishika hayo, moduli za 1G, 10G, GPON (ile faiba moja inayogawiwa nyumba nyingi) na ata zile za 100G zinakuwa kitu kimoja kwako, namba tu ndio zinabadilika.

Naandika hii ju naona mafundi wazuri sana, wenye mkono safi wa kuunga faiba, wanalaumu kebo siku nzima, wanapanda nguzo, wanakata wanaunga tena, na shida ilikuwa tu moduli mbili ambazo haziwezi kuongea. Inaniuma, ju ni hesabu ya dakika tano.

Mwanga wenyewe kwanza

Mwanga wa faiba hauuoni. Macho ya binadamu yanaishia nanomita 700 na kitu, faiba inatumia 850, 1310 na 1550, zote ni infraredi. Kwa hivyo usichungulie mwisho wa faiba ati uone kama iko na mwanga, utaona giza na leza inaingia kwa jicho bila wewe kujua. Moduli nyingi za kawaida ni leza ya daraja la 1, haziogopeshi sana, lakini wewe hujui upande ule mwingine kumechomekwa nini, inaweza kuwa ni mtambo wa masafa marefu wenye amplifaya. Tumia pawa mita. Ile kalamu ya mwanga mwekundu ya nanomita 650 ni ya kutafuta mahali faiba imevunjika ama imekunjwa, haikuambii chochote kuhusu nguvu ya mwanga wa kazi.

Kwa nini 850, 1310 na 1550 na si namba zingine? Ju ya kioo. Kioo cha faiba kinameza mwanga tofauti kulingana na urefu wa wimbi. Kwa 850 unapoteza kama desibeli 3 kila kilomita, kwa 1310 karibu 0.35, kwa 1550 inashuka mpaka kama 0.2 ama 0.25. Desibeli 3 ni nusu ya mwanga kupotea. Fikiria hapo kidogo: kwa 850 nusu imeenda kwa kilomita moja tu, lakini kwa 1550 unatembea zaidi ya kilomita 12 ndio nusu iishe. Ndio maana mwanga unaotoka Mombasa kuja Nairobi, na ule wa kebo za baharini kaa TEAMS na SEACOM zilizofika pwani yetu 2009, unasafiri kwa mitaa ya 1550, na pia amplifaya za faiba yenye madini ya erbiamu zinakuza mwanga wa huko huko, kwa hivyo inaenda mbali sana bila kugeuzwa kuwa umeme njiani.

Lakini 1310 nayo iko na zawadi yake. Kwa faiba ya kawaida ya singo-modi (yenye kiini chembamba sana), ile wanaita G.652, mwanga wa karibu na 1310 hautawanyiki kwa muda, yaani pigo la mwanga likiingia jembamba linatoka jembamba. Kwa 1550 linatawanyika kama pikosekunde 17 kwa kila nanomita ya upana wa mwanga kwa kila kilomita. Shika hiyo namba ya 17, tunairudia saa hii.

Kitu kingine cha kushika ni dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga. 0 dBm ni miliwati 1. Ukitoa 3 umepunguza nusu, ukitoa 10 imebaki sehemu moja ya kumi, kwa hivyo -10 dBm ni miliwati 0.1, -20 ni 0.01, na -30 ni sehemu moja ya elfu ya miliwati. Hasi si mbaya, usishtuke ukiona -17, hiyo ni hali nzuri tu kwa mitambo mingine kaa GPON. Uzuri wa desibeli ni kwamba hasara zote unajumlisha na kutoa, huzidishi.

Taa za aina gani ziko ndani

LED ndio ya zamani. Umeme ukipita kwa semikondakta, elektroni inaangukia nafasi yake na inatoa chembe ya mwanga, lakini kila chembe inaenda upande wake na kwa wimbi lake, so mwanga ni mpana na umetawanyika. Kuuingiza kwa faiba nyembamba ni kazi bure, unaingia tu kwa malti-modi yenye kiini cha mikroni 50 ama 62.5, na pia haiwezi kuwaka na kuzima haraka sana. Ilitumika kwa mitandao ya mega 100, mpaka kilomita 2. Ukiikuta leo ni kwa viwanda na majengo ya zamani, ibadilishe tu pole pole.

Leza ni mambo mengine. Ndani ya leza kuna vioo pande mbili, mwanga unaenda ukirudi, na kila chembe ikipita karibu na elektroni iliyo tayari inaifanya itoe chembe nyingine inayofanana nayo kabisa, wimbi moja, upande mmoja, mwendo mmoja. Lakini hii haianzi hivi hivi. Kuna kiwango cha umeme cha kizingiti, na chini ya hapo leza inafanya tu kaa LED hafifu. Ni kaa matatu pale stage, dereva haondoki mpaka gari ijae, unaweza kuingiza watu kumi na bado imesimama, yule wa mwisho akiketi tu inang'oa. Kwa hivyo chipu inayoendesha leza haiizimi kabisa ikituma sifuri, inaishikilia juu kidogo ya kizingiti, alafu kwa moja inaongeza umeme. Sifuri ni mwanga kidogo, moja ni mwanga mwingi. Tofauti ya hizo mbili ikipungua, upande wa pili unaanza kuchanganyikiwa ata kama nguvu ya wastani kwa mita inaonekana fiti. Watu wengi hawajui hapo.

Sasa leza zenyewe. VCSEL ni ya 850, inatoa mwanga kutoka juu ya chipu badala ya ubavuni, ni rahisi kuunda na kupima kiwandani na ndio maana moduli za SR na SX ni za bei ya chini. Inakaa vizuri na malti-modi. Masafa yake ni mafupi, SX ya 1G inafika mita 550 kwa faiba ya mikroni 50, na SR ya 10G mita 300 kwa OM3 na 400 kwa OM4, hizo ni aina za malti-modi. Ni ya ndani ya jengo, chumba cha seva mpaka ghorofa ya tisa, hapo tu.

FP ni leza ya kawaida ya 1310, mwanga wake uko na vistari kadhaa vya wimbi, upana wa nanomita chache. DFB iko na mistari midogo imechorwa ndani ya chipu inayochagua wimbi moja na kukataa mengine, upana unashuka chini sana. Na hapa ndio tunarudia ile 17. Chukua FP ya upana wa nanomita 3, itume kwa 1550 kilomita 40: 17 mara 3 mara 40 ni pikosekunde 2,040. Na biti moja ya 10G inakaa karibu pikosekunde 100 tu. Yaani biti moja imemwagikia biti ishirini zilizoifuata, hakuna kitu utasoma hapo, ata mwanga uwe mwingi namna gani. Chukua DFB ya upana wa 0.1, unapata 68, inawezekana. Hii ndio sababu moduli ya kilomita 40 ni ghali, unalipia wimbi safi, si nguvu peke yake.

Alafu kuna EML. Ukibadilisha umeme wa leza haraka haraka wimbi lake linayumba kidogo kila ikiwaka, na kwa masafa marefu huo myumbo unatawanya pigo. EML inaacha leza iwake tu bila kukatika, alafu kisehemu kingine kwa chipu hiyo hiyo ndicho kinapitisha ama kunyonya mwanga. Utaipata kwa ER za kilomita 40 na ZR za kilomita 80.

Na joto. Wimbi la DFB linasogea kama nanomita 0.1 kwa kila digrii moja ya selsiasi. Kwa LX ya kawaida (ile ya 1G kwa 1310) haina neno. Kwa CWDM, ile ya kupitisha mawimbi kadhaa kwa faiba moja, pia sawa, ju chaneli zimeachana nanomita 20, kutoka 1270 mpaka 1610. Lakini kwa DWDM, yenye chaneli zimebanana kwa nafasi ya 0.8, digrii nane tu zinakupeleka kwa chaneli ya jirani, ndio maana moduli zake ziko na kifaa cha ndani cha kushikilia joto, na zinakula umeme zaidi.

Ndani ya kasha

Ukifungua SFP (fungua iliyokufa, si nzima) utapata vijitu viwili vya duara vimeelekea mbele. Kimoja ni tosa, cha kutuma: leza, lenzi ya kuelekeza mwanga kwa faiba, na kipima mwanga kidogo nyuma ya leza. Hicho kipima ndio akili yake, kinaambia chipu kama mwanga umeshuka, chipu inaongeza umeme. Kingine ni rosa, cha kupokea: dayodi ya mwanga inayogeuza mwanga kuwa umeme kidogo sana, alafu amplifaya mbili za kuukuza na kuunyoosha uwe moja na sifuri safi. Dayodi ikiwa ya PIN inahitaji mwanga zaidi kidogo lakini ni ngumu kuumia, ikiwa ya APD inasoma mwanga hafifu sana lakini ukiimwagia mwanga mwingi unaiua. Moduli za BiDi zinazotumia faiba moja ziko na tosa na rosa pamoja, na kioo kidogo katikati kinachopitisha wimbi moja na kugeuza lingine.

Nyuma kuna meno 20 ya kuingia kwa swichi, umeme wa volti 3.3, na memori ndogo inayobeba jina la aliyeitengeneza, aina, wimbi na masafa. Moduli ikiwa na DDM, na usinunue isiyo nayo, kuna namba tano unasoma ikiwa kazini: joto, volti, umeme wa leza, nguvu inayotoka na nguvu inayoingia. Hizo namba tano zitakuokoa kupanda nguzo.

Hesabu kabla ya pesa

Tuseme unataka kuunganisha ofisi ya Westlands na godauni ya Industrial Area kwa 10G, umekodi faiba mbili za singo-modi, na aliyekukodisha amekuambia njia ya kebo ni kilomita 12. Uliza urefu wa kebo, si wa barabara, ju kebo inazunguka, inapanda nguzo, inaachiwa mizunguko ya akiba kwa mashimo.

Moduli ya kwanza kila mtu anafikiria ni LR, imeandikwa kilomita 10, "si iko karibu tu na 12". Haya tuhesabu. Kwa 1310, kilomita 12 mara 0.35 ni 4.2. Konekta nne kwa 0.5 ni 2. Maungo sita kwa 0.1 ni 0.6. Jumla 6.8. LR kwa viwango vyake inaweza kutuma mwanga mdogo mpaka -8.2 dBm na upande wa pili unasoma mpaka -14.4. Tofauti ni 6.2. Umeshakosa kabla hujaweka akiba yoyote. Na akiba ni lazima, mimi naweka 3, ju hii Nairobi barabara inachimbwa kila mahali na kila kebo ikikatwa inarudi na maungo mawili mapya.

Sasa ER. Iko kwa 1550, kilomita 12 mara 0.25 ni 3, ongeza ile 2.6 ya konekta na maungo unapata 5.6. ER inatuma kutoka -4.7 mpaka +4 na inasoma mpaka -15.8. Nafasi ni 11.1, umebaki na 5.5 ya akiba, safi sana. Lakini usiishie hapo, watu huishia hapo! Hesabu pia upande wa mwanga kuzidi. ER haitaki kupokea zaidi ya -1 dBm. Kama yako inatuma +4, toa 5.6, inafika -1.6. Imepita, kwa wembamba. Hapo mimi naweka atenuweta (kidude cha kupunguza mwanga) ndogo ya desibeli 2 na nalala usingizi. Sasa fikiria mtu anajaribu hizo ER mbili kwa meza, na pachikodi (kebo fupi) ya mita 2: +4 yote inaingia mahali panataka -1. Ikiwa ni ZR ya kilomita 80 ni mbaya zaidi, ju inataka chini ya -7 na dayodi yake ni APD. Moduli mpya za bei ya juu zimeuliwa hivyo kwa meza, na mtu anarudi dukani akisema aliuziwa mbovu.

Kwa hivyo kanuni ni mbili na zote ni za lazima. Mwanga mdogo kabisa wa mtumaji ukitoa hasara yote lazima uwe juu ya uwezo wa kusoma wa mpokeaji. Na mwanga mkubwa kabisa wa mtumaji ukitoa hasara lazima uwe chini ya kiwango cha mpokeaji kuzidiwa. Namba ziko kwa datashiti ya moduli, ikikosekana datashiti usinunue.

Kulinganisha pande mbili

Hapa nitapita haraka ju ukishaelewa mwanga mengine yanajileta. Malti-modi na singo-modi hazichanganywi, kiini cha singo-modi ni kama mikroni 9, mwanga wa VCSEL ukijaribu kuingia hapo karibu wote unamwagika nje. Kebo ya njano ni singo-modi, ya chungwa ni malti-modi ya zamani, ile ya bluu-kijani ni OM3 ama OM4, lakini soma maandishi kwa ganda pia, rangi peke yake usiiamini.

Moduli za faiba mbili: kutuma kwa huyu ndio kupokea kwa yule, linki ikikataa kitu cha kwanza kabisa geuza zile faiba upande mmoja. Za BiDi zinaenda kwa jozi, moja inatuma 1310 na kupokea 1490 ama 1550, mwenzake kinyume, na kwa 10G ni 1270 na 1330. Ukinunua mbili zinazofanana umenunua mapambo. Na usitegemee 1310/1490 iongee na 1310/1550, ata kama zote zimeandikwa BiDi na kilomita 20.

Konekta za kijani ni APC, zimekatwa mteremko wa digrii 8, za bluu ni UPC, zimenyooka. Kijani kwa bluu zinaingiana bila shida ya mkono lakini kioo hakigusani vizuri, mwanga unapotea mwingi na unaweza kukwaruza zote mbili. Moduli nyingi za LC zinataka UPC. GPON kwa nyumba za watu nyingi ni kijani.

Spidi nazo: swichi ya SFP+ (ile ya 10G) mara nyingi inakubali SFP ya 1G, lakini SFP+ ndani ya shimo la 1G haifanyi. Na kuna swichi zinasoma ile memori na kukataa moduli ya kampuni nyingine, kwa hivyo ukienda Luthuli Avenue ama ukiagiza mtandaoni mwambie muuzaji ni ya swichi gani, na kama iko na swichi kaa hiyo dukani iwashe mbele yako usome DDM kabla hujalipa. Muuzaji anayejua kazi yake hatakataa.

Joto pia uliza. Moduli ya kawaida ni ya digrii 0 mpaka 70 za kasha, ya viwanda ni -40 mpaka 85. Nairobi si Garissa, lakini kabati ya chuma juu ya paa la mabati saa saba mchana, bila feni, ndani kunachemka vibaya. Huko weka ya viwanda.

Usafi, na sitachoka kusema

Kiini cha mikroni 9 ni kidogo kuliko chembe nyingi za vumbi. Chembe moja katikati inaweza kukula desibeli kadhaa, na ukichomeka inasagwa kwa kioo cha pande zote mbili. Hapa kwetu kwa vumbi ya ujenzi na moshi ya barabarani hakuna kitu kaa konekta safi iliyokaa wazi. Ata ile ya kutoka kwa karatasi mpya isafishe. Pata kalamu ya kusafisha ile ya kubonyeza mara moja, ama kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ukipangusa kwa mvua malizia kwa kavu. Kama uko na kamera ya kukagua konekta, angalia kwanza, safisha, angalia tena, ndio uchomeke. Usifute na shati. Usipulize na mdomo, unatema mate. Na usisahau shimo la moduli lenyewe, liko na vumbi pia.

Kuwasha na kusoma

Kabla ya kuchomeka faiba kwa swichi, weka pawa mita mwisho wake, chagua wimbi sahihi kwa mita (mita ikiwa kwa 1550 na mwanga ni 1310 utasoma uongo), andika namba. Ilingane na hesabu yako, tofauti ya desibeli moja ama mbili ni sawa, ikizidi hapo kuna kitu: konekta chafu, faiba imekunjwa kali kwa kona ya raki, ama ungo mbaya. Mkunjo unajulikana vizuri kwa kupima wimbi mbili, 1550 inavuja kwa mkunjo kuliko 1310, kwa hivyo kama 1550 ndio imeumia sana na 1310 iko fiti, tafuta mahali kebo imebanwa na taizipu.

Alafu chomeka, na usome DDM. Kwa Linux ni `ethtool -m` na jina la intafesi, kwa MikroTik ni `/interface ethernet monitor`, kwa Cisco ni `show interfaces transceiver`. Kusoma kwenyewe ni hivi. Nguvu inayotoka iko sawa lakini inayoingia kwa yule mwingine iko chini: shida iko njiani. Nguvu inayotoka yenyewe imeshuka: moduli inakufa. Inayotoka bado iko sawa lakini umeme wa leza umepanda sana kuliko siku uliyoiweka: leza inazeeka, kile kipima cha nyuma kinalazimisha umeme zaidi ili mwanga ubaki pale pale, badilisha kabla haijakuzimia usiku. Inayoingia iko sawa pande zote lakini pakiti zinaharibika: angalia kama umekaribia kiwango cha kuzidiwa na mwanga, ama umeweka moduli ya wimbi pana kwa masafa marefu, ama tofauti ya moja na sifuri imepungua, jaribu moduli nyingine ya aina hiyo hiyo. Na inayoingia ikiwa -40 hivi hapo hakuna mwanga kabisa, ndio sasa unaweza kubeba OTDR, ile mita ya kuonyesha mkato uko umbali gani, ukatafute.

Kwa mafundi wa estate: GPON

Hii ndio inalisha wengi wetu kwa hivyo niikalie kidogo. OLT, mtambo wa upande wa kampuni, inatuma 1490 kwenda kwa nyumba kwa giga 2.488, nyumba zinarudisha kwa 1310 kwa giga 1.244, zote kwa faiba moja, na splita za kioo zisizo na umeme zinagawa mwanga. Splita inagawa kweli kweli: ya 1 kwa 4 inakula kama 7.2, ya 1 kwa 8 kama 10.5, ya 1 kwa 32 kama 17.

Chukua ploti za Umoja. OLT yenye moduli ya daraja B+ inatuma tuseme +3 dBm (viwango vyake ni +1.5 mpaka +5). Umeweka splita ya 1 kwa 8 kwa nguzo, alafu ya 1 kwa 4 kwa kila jengo: 17.7. Kebo kilomita 2 hesabu 0.7, konekta nne 2. Jumla 20.4. Mteja anapata -17.4. ONT, kile kifaa cha nyumbani, inasoma mpaka -27, kwa hivyo uko vizuri, na ata kebo ikikatwa ikaungwa mara kadhaa bado iko hewani. Mimi nikiona mteja mpya yuko chini ya -25 siondoki kwa hiyo nyumba, ju leo inafanya kazi na kesho kutwa inawaka ile taa nyekundu ya LOS (mwanga umepotea), na ni wewe utapigiwa simu.

Sasa mwingine akiona ile -17.4 anatamani kuweka splita ya 1 kwa 8 kwa jengo badala ya ile ya 1 kwa 4 ili apate wateja 64. Inawezekana kwa hesabu, 21 ya splita pamoja na mengine unafika -20.7, lakini hapo hesabu na OLT ikiwa kwa +1.5, si kwa ile +3, unafika -22.2, na angalia nyumba ya mbali zaidi badala ya iliyo karibu.

Upande wa kurudi nao uko na siri yake. Leza ya ONT haiwaki muda wote, inawaka kwa zamu ile OLT imeipangia, inazima, inampisha jirani. ONT moja ikiharibika ikabaki inawaka tu bila kuzima, inafunika wengine wote na faiba nzima inaenda chini ata kama mwanga wa kushuka unapima vizuri kabisa kwa kila nyumba. Ukipata estate nzima imepotea na kebo haijakatwa, chomoa tawi moja moja kwa splita mpaka wengine warudi, hapo umempata.

Na ukijaribu ONT ofisini usiichomeke moja kwa moja kwa OLT. Kiwango chake cha kuzidiwa na mwanga ni -8 na OLT inatoa mpaka +5. Weka atenuweta ya 15 ama tumia splita ya 1 kwa 32 iliyolala dukani, inafanya kazi hiyo hiyo.

Siku ya kumaliza kazi, andika namba zote tano za DDM za pande zote mbili na tarehe, zibandike ndani ya mlango wa kabati na uzitume pia kwa gurupu ya mafundi wenzako, ju atakayekuja baada yako hana njia nyingine ya kujua kama -12 anayoiona ni hali ya kawaida ama imeshuka kutoka -7. Moduli ya akiba ya kila aina uliyoweka, jozi kamili kama ni BiDi, iache hapo hapo ikiwa na kifuniko chake cha mpira.